Msaada wa majina ya Kiingereza ya vitu vya nyumba, "first floor" imeshanikula pesa

FundiBwaise:

Habarini wakubwa kwa wadogo. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Bwaise pembeni ya barabara ya Bombo, huu mwaka wa 14 niko kwenye hii kazi. Nimekulia kambini, marehemu baba alikuwa askari kwa hiyo nyumbani ilikuwa Kiswahili tu, Luganda nimekiokota mtaani na Kiingereza niliishia nacho P7, yaani darasa la saba. Mtu akiongea taratibu namwelewa na mimi najibu, shida yangu siyo kuongea, shida ni majina ya vitu, na hii shida inakula pesa kabisa.

Sikilizeni kilichonipata. Mwezi wa tatu nilipata kazi ya mteja anayeishi Marekani, anajenga nyumba ya ghorofa huku Matugga. Akanitumia ujumbe WhatsApp, ninao mpaka leo, anataka nianze na windows za first floor zote za mvule. Mimi nimezoea first floor ni ile ya juu baada ya kupanda ngazi, hata majengo ya mjini Kampala lifti zimeandikwa hivyo, nikapanda nikapima matundu 7, nikashuka Ndeeba nikanunua mbao kavu, nikapiga randa nikaunga nikasugua msasa, nikampigia picha akasema very nice. Siku ya kwenda kufunga kaka yake ananikuta saiti nimebeba fremu napandisha juu, ananiuliza ssebo unaenda wapi na hizo, huko juu si tunaweka aluminiamu? Nikamwonyesha ujumbe. Akampigia ndugu yake, na ndugu yake kule anasema mimi niliandika first floor, yaani ya chini. Ya chini! Matundu ya chini ni futi 5 kwa 4, ya juu ni 3 kwa 4, hakuna namna ya kuongeza. Mbao za pili nilinunua kwa pesa yangu. Fremu 7 ziliegemea ukuta wa karakana, mbili nimeuza kwa bei ya kutupa, tano bado ziko nazitazama kila asubuhi nikifungua.

Sitaki yanipate tena maana wateja wa nje wanaongezeka, na hawa ndio wanalipa vizuri. Mwingine wa London aliniandikia chest of drawers nikakaa siku nzima najiuliza kifua kinahusiana nini na droo. Naombeni mnisaidie majina sahihi ya sehemu za mlango, dirisha, kitanda, makabati, na yale ambayo sisi huku tunasema hivi lakini mtu wa nje anaelewa kingine, hayo ndiyo nayaogopa zaidi. Watoto wangu wananiambia tumia simu itakutafsiria, nimeandika mtoto wa meza ikaniletea table child. Sasa nikimtumia mteja table child atanielewaje?

MwalimuArua:

Pole sana fundi, na usijilaumu maana hapo hakuna aliyekosea Kiingereza, kila mmoja alikuwa sahihi kwa kwao. Uganda tumerithi hesabu ya Waingereza, ya chini ni ground floor, ukipanda ngazi ya kwanza ndiyo first floor. Marekani wao wanaanza kuhesabu pale unapoingilia mlangoni, kwa hiyo ground floor yetu ndiyo first floor yao na first floor yetu kwao ni second. Ukiwa na mteja wa Marekani usitumie namba kabisa, andika downstairs na upstairs, hayo maneno mawili hayana mgogoro popote.

Na kuna mtego mwingine kwenye hilohilo. Sisi tukisema kwa Kiswahili nyumba ya ghorofa moja tunamaanisha iko ya chini na juu yake ipo nyingine moja. Sasa ukiitafsiri neno kwa neno ukaandika one-storey house umesema nyumba isiyo na ghorofa kabisa, kwa sababu kwenye Kiingereza storey inahesabu kila tabaka hata lile la chini. Nyumba yetu ya ghorofa moja ni two-storey house. Nafundisha Kiingereza na Kiswahili huku Arua na hili swali nalitoa kila mwaka, darasa zima linaanguka.

Chest of drawers. Hilo neno chest maana yake ya kwanza ni sanduku, kifua cha mtu kilikuja kuitwa hivyo baadaye kwa sababu mbavu zimefunga moyo na mapafu kama sanduku. Kwa hiyo ni sanduku la droo, lile kabati fupi ambalo lote ni droo kutoka juu mpaka chini. Na mtoto wa meza ni drawer tu, kitu kinachovutwa, maana draw ya zamani ni kuvuta. Ukiitamka usiseme drawa kwa silabi mbili, wao wanaitamka fupi kama dro. Vilevile cupboard, ile p haisikiki, wanasema kabadi, na ukiangalia vizuri ni cup na board, zamani ilikuwa ni ubao wa kupangia vikombe, milango ilikuja baadaye. Baganda wanasema kabada, masikio yao yalisikia vizuri kuliko sisi walimu tunaosoma herufi.

Jingine, usiandike furnitures. Furniture haina wingi, hata ujaze lori ni furniture, ukitaka kuhesabu useme pieces of furniture. Naona mabango mengi ya barabarani yameandikwa na s na nasikitika kila nikipita.

Halafu roof na ceiling. Roof ni paa, ceiling ni dari, ile unayoitazama ukilala chali. Wanafunzi wangu wanaandika nzi ametua kwenye roof ya chumba. Kwa fundi hii inaweza kuwa hasara, mtu akikuambia ceiling inavuja anakuonyesha doa tu, tatizo lenyewe lazima ukalitafute kwenye roof.

FomaniMbarara:

Fundi mwenzangu nimekusoma nikaumia, fremu za mvule kuegemea ukuta ni kama kuona ng'ombe wako yuko zizi la mtu. Mimi nimesimamia saiti Mbarara na Ntungamo na hata Kigali, na karatasi za makadirio zinakuja kwa Kiingereza kila siku, kwa hiyo mlango nitakuelezea mimi, hao walimu wabaki na nahau zao.

Simama mbele ya mlango wowote hapo karakana tuutazame pamoja. Kwanza tenganisha vitu viwili, kile kinachojengewa ukutani na kile kinachofunguka. Kinachojengewa ukutani ni frame. Mbao zake mbili zinazosimama pembeni ni jambs, moja jamb, ile b haitamkwi. Ya juu inayolala ni head. Ya chini unayovuka ni threshold, wengine wanasema sill kama ni mlango wa nje. Juu ya head ndani ya ukuta kuna zege, ile ndiyo lintel sisi tunaita linta, hiyo si kazi yako ni yangu lakini ujue jina maana mteja akikuandikia height from floor to lintel anataka upime mpaka pale zege linapoanza na siyo mpaka kwenye fremu.

Kinachofunguka sisi Uganda kwenye makadirio tunaandika door shutter na mafundi wote wanasema shata. Hapo sasa uwe mwangalifu mno! Mwingereza na Mmarekani wakisikia shutters wanawaza vile vibao vya kufunika dirisha kwa nje. Mtu wa nje mwandikie door leaf, au door tu yatosha. Kwenye hiyo shata, mbao zinazosimama ni stiles, zinazolala ni rails, iko top rail, bottom rail, na ile ya katikati unapofunga kitasa ni lock rail. Katikati ya hizo ni panels. Ulimi unaouchonga mwisho wa rail ni tenon na tundu unalotoboa kwa patasi kwenye stile ni mortise, ndiyo maana kile kitasa cha kuzamisha ndani ya mbao kinaitwa mortise lock, kimeazima jina la tundu.

Bawaba ni hinges. Karatasi ikikuambia one and a half pairs of hinges usishangae nusu jozi itapatikanaje duka gani, wanahesabu kwa jozi, jozi moja na nusu ni bawaba 3 kwa mlango mmoja. Kijana wangu mmoja aliwahi kununua jozi moja kwa kila mlango kwenye nyumba yenye milango 11 ya mbao nzito kwa sababu ile nusu aliona ni makosa ya mwandishi, milango ikaanza kuinama kabla hata wenyewe hawajahamia.

Na hii ishike sana, mteja akikuambia left-hand door usikate mbao. Left ya nani? Ya anayeingia au ya anayetoka? Muulize hivi, nikiwa nimesimama nje, nasukuma au navuta, na bawaba ziko mkono wangu gani. Push au pull, hinges on the left au on the right. Majibu mawili hayo yakipatikana hakuna mlango utakaokosea.

Ile mbao ya urembo inayofunika ufa kati ya fremu na plasta ni architrave. Inatamkwa akitreivu.

DadaWaEntebbe:

Mimi siyo fundi lakini nimefanya kazi ya kutandika na kusimamia vyumba hotelini Entebbe miaka 9, wageni wa kila nchi, naomba niongeze ya kitanda kwa sababu fundi akikosea kitanda godoro halirudi dukani.

Huku kwetu tunasema kwa futi, 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6, imeisha. Mtu wa nje atakuandikia double, queen, king, na king ya Mwingereza siyo king ya Mmarekani. King ya Uingereza ni sentimita 150 kwa 200, karibu futi 5 upana. King ya Marekani ni sentimita 193 kwa 203, yaani upana unazidi futi 6. Ile king ya Mwingereza kwa Mmarekani ni karibu sawa na queen yake. Na angalia urefu kaka, wote hao wanapita futi 6 yetu, ukitengeneza kitanda cha 6 akaja na godoro lake kwa meli litaning'inia miguuni. Mwombe sentimita za godoro, jina la ufalme mwachie mwenyewe.

Sehemu zake, ubao wa kichwani ni headboard, wa miguuni footboard, mbao ndefu za pembeni ni side rails, na chaga ni slats. Pillow ni mto wa kulalia, cushion ni ule wa kwenye kochi, wengi wanachanganya. Foronya ni pillowcase. Pazia zito ni curtain, lile jepesi linaloonyesha nje madukani kwetu wanaita sheer au transparent, Waingereza wao wanasema net curtain ila Wamarekani ndio wanasema sheers, kwa hiyo muuza mapazia naye amegawanyika kama fundi wa madirisha. Kabati la nguo linalosimama lenyewe ni wardrobe, lile lililojengewa ndani ya ukuta Mmarekani anaita closet. Ila ukiona kwenye ramani WC, hiyo ni water closet, choo, usiende kupima mashelfu humo.

Halafu self-contained. Hapa mimi niliaibika mbele ya mgeni, alipiga simu kutoka nje anauliza chumba, nikamjibu kwa fahari yote our rooms are self-contained, akanishukuru sana. Amefika usiku na watoto wawili na mfuko wa vyakula vya kupika anauliza jiko liko wapi. Kwao self-contained ni kama nyumba ndogo kamili, ina jiko lake na choo chake na mlango wake. Chumba chenye bafu yake ndani wanasema en suite. Tulimpikia sisi usiku ule mpaka saa 5.

Na ventilators, vile vitundu vya hewa juu ya dirisha, wao wanasema air vents. Ventilator kwao ni ile mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua hospitali. Mteja akiona kwenye hesabu yako umeandika ventilators 12 sijui atafikiria unajenga nini.

Kigozi_Mbao:

Mimi naona mteja ndiye alipaswa kulipa, yeye anajenga Uganda, aandike Kiingereza cha Uganda. Mwambieni fundi arudi kudai.

FundiBwaise:

Kigozi nimelifikiria hilo ndugu yangu, lakini huyu mteja alinipa baadaye milango yote ya ndani na amenipeleka kwa rafiki zake wawili, nikianza kesi nimejifungia mlango. Na yeye alinitumia nusu ya pesa ya mbao bila kuombwa, sikusema mwanzoni.

Fomani umenifumbua macho, nimesimama mbele ya mlango wa ofisi yangu ndogo hapa na simu mkononi nasoma mstari nagusa mbao, stile, rail, panel. Vitu nimevichonga miaka 14 leo ndio najua vina majina hayo. Dada wa Entebbe asante, kitanda cha king ninacho kimoja kwenye oda wiki hii nimesimamisha kwanza mpaka anipe sentimita.

Swali. Wale mnaojua Kiswahili cha ndani, hizi jamb na head na threshold kwa Kiswahili zinaitwaje? Mimi nasema fremu ya pembeni, fremu ya juu, fremu ya chini, lakini naona kama ni umaskini, haiwezekani Waswahili walikaa kwenye nyumba miaka yote bila majina.

MamaJinja:

Mwanangu hilo swali limenifurahisha. Mimi nimezaliwa Mombasa, nimeolewa Jinja tangu 1991, baba yangu mwenyewe alikuwa seremala Mji wa Kale. Majina yapo tele.

Mbao za pembeni zinazosimama ni miimo, mmoja mwimo. Ya juu na ya chini zote ni kizingiti, kizingiti cha juu na kizingiti cha chini, kwa hiyo hapo Kiswahili kina neno moja ambapo Kiingereza kina mawili, ukitafsiri lazima useme kipi. Milango ya zamani ya kwetu ina mbao mbili zinazofunguka na katikati kuna mti uliosimama, umepigwa nakshi, unashikamana na ubao mmoja, unaitwa mfaa. Baba alikuwa hamruhusu mwanafunzi kuugusa mfaa kabla hajamaliza miaka miwili, ananyoosha miimo tu. Nakumbuka harufu ya mbao ile na yeye akipuliza vumbi la patasi kwenye maua ya nakshi kwa mrija wa mpapai, hakutaka kutumia mkono.

Paani makombamoyo ndiyo hizo rafters, na mti unaolazwa juu ya ukuta kuyapokea ni mtambaapanya, maana kweli panya hupita hapo, Fomani ataniambia kwa Kiingereza. Kitandani mbao za pembeni ni mifumbati, miguu yake ni matendegu, na upande wa kichwa ni mchago. Komeo ni lile la kusukuma, kitasa kina ufunguo, kufuli linaning'inia. Kwa Kiingereza bolt, lock, padlock, usimpelekee mtu kufuli aliyeagiza kitasa.

Na wala msione aibu kuwa maneno yetu mengine yametoka mbali. Meza tumepewa na Wareno, wao wanasema mesa, na foronya vilevile ni yao. Dirisha limetoka Uajemi na kule asili yake ni mlango mdogo. Baganda wakalichukua kwetu wakasema eddirisa, na meza ikawa emmeeza, na kitanda ekitanda. Window nayo Waingereza waliipata kwa watu wa kaskazini waliokuja kwa mashua, kwa lugha yao ilikuwa jicho la upepo. Hata mattress ya dada wa Entebbe asili yake ni Kiarabu, mahali pa kutupia kitu chini. Kila mtu ameazima kwa jirani, na wewe ukiazima jamb na architrave huku mwimo na kizingiti umevishika, hujapoteza.

Nakushauri mwanangu nunua daftari moja kubwa, uchore. Usiandike orodha ya maneno peke yake, chora mlango ukurasa mzima, kila mbao uipigie mstari na uandike jina la Kiswahili, la Kiingereza, na lile vijana wako wanalosema karakanani.

FomaniMbarara:

Shikamoo mama. Mtambaapanya kwa Kiingereza ni wall plate, plate lakini siyo ya kulia, ni ubao mlalo. Mimi miaka yote saiti nasema wole pleti, kesho naanza kuwaambia vijana mtambaapanya, hilo jina linajieleza.

Fundi nakuongezea moja la mbao zenyewe. Mmarekani akisema two by four, hiyo mbao ikishakauka na kurandwa kiwandani kwao ni inchi 1 na nusu kwa 3 na nusu, jina limebaki la mbao mbichi. Huku Ndeeba 4 kwa 2 unaijua mwenyewe ilivyo, siku nyingine imenona kuliko jina lake. Kwa hiyo mtu akitaja kipimo cha mbao muulize, before planing or after?

MwalimuArua:

Mama Jinja marahaba yako tunaipokea wote. Nimenakili mfaa na mifumbati kwenye daftari langu la somo, tangu Kiswahili kifanywe lugha rasmi ya pili kwenye katiba mwaka 2005 tunaambiwa tukifundishe, lakini vitabu vinatuletea sebule na jikoni tu, mtoto wa seremala hakuti kazi ya baba yake humo.

Fundi, moja ambalo wote wamelisahau, bathroom. Mmarekani anaita bathroom hata chumba chenye choo na sinki la kunawa tu, ndiyo maana utaona two and a half bathrooms, ile nusu haina pa kuogea. Ukipewa mlango wa half bath ni wa chumba kidogo cha choo.

FundiBwaise:

Narudi kuwapa habari. Nilinunua daftari la kurasa kubwa Jumamosi nikachora kama Mama Jinja alivyosema, binti yangu wa S2, sekondari mwaka wa pili, ndiye alinisaidia mwandiko. Mlango kurasa mbili, moja ya shata na moja ya fremu, dirisha moja, kitanda moja, kabati moja. Halafu nikajaribu, yule mteja wa Marekani alikuwa ameniagiza milango ya ndani 6, nikapiga picha ya mchoro nikamtumia na maneno mafupi, choose please, nikiwa nimesimama koridoni do I push or pull, hinges left or right, kila mlango namba yake. Usiku saa 4 akajibu yote sita, na kwenye mlango wa nne alibadilisha, alisema kumbe ungefunguka ukagonga kitanda. Hakuwahi kuuwaza mpaka alipouona kwenye karatasi.

Sasa mwishoni kaandika neno jipya, anataka also baseboards in all rooms, four inch. Nimegeuza daftari zima sioni baseboard. Ni ya kitanda au?

FomaniMbarara:

Siyo ya kitanda. Baseboard ni skirting, ule ubao wa chini ukutani unaozunguka chumba, Mmarekani ndiye anaita hivyo. Usianze kupigilia kabla tailizi hazijalazwa, zikija baadaye zitameza nusu inchi ya chini na utaonekana wewe ndiye uliyepunja.

Na hiyo four inch yake umuulize kama nilivyokuambia, kwao mbao inayoitwa ya inchi 4 ikisharandwa inabaki 3 na nusu.

FundiBwaise:

Nimemuuliza sasa hivi. Amesema 4 kamili, ipimwe baada ya randa. Basi nashuka Ndeeba kutafuta za 5.